Mke wa Dereva

Kahindo anakaa ghorofa ya tatu na mimi ya nne, ngazi moja, hapa Tensta, pembeni mwa Stockholm. Nyumba zetu ni za zamani na sakafu zake hazijui siri: mtu akikohoa chini, wa juu anatafuta dawa. Kwa hiyo nilikuwa naisikia. Kila basi la kutoka Spånga liliposimama chini ya jengo letu, likashusha ubavu kwa ile pumzi yake ndefu ili wenye vigari vya watoto wapande, nilisikia kiti kikisukumwa jikoni kwa Kahindo. Anasimama. Anakwenda dirishani. Basi linaondoka, kiti kinarudi.

Mueni alikuwa ameshakufa wakati huo. Mwili wake ulikuwa hospitalini kwenye baridi, haujazikwa, na mkewe alikuwa anasimama dirishani kumpokea.

Nimesema mkewe, na Mueni alikuwa mwanamke kama Kahindo. Najua kuna watakaoacha kusoma hapo, na mlango uko wazi, sitamshika mtu mkono. Mimi naitwa Ziada, mtoto wa Tanga, Mwislamu. Swala zangu nazijua na mapungufu yangu nayajua pia. Nilikuja nchi hii kumfuata mume aliyekuwa mafunzoni. Mume akachoka na baridi akarudi zake, mimi nikabaki na binti na kazi ya jikoni shuleni. Hakuna aliyeniita kuhukumu ndoa ya Kahindo. Niliitwa kuwa shahidi, na shahidi husema alichokiona.

Kahindo alizaliwa Butembo, Kongo ya mashariki, baba yake akiuza maharage kwa jumla. Vita vilipofika mlangoni kwao walikimbilia Uganda, na huko Kampala akajifunza cherehani, kunyamaza, na Kiswahili cha kila taifa. Alifika Uswidi na wakimbizi wenzake akiwa binti bado. Kazi yake ya kwanza ilikuwa usafi wa maofisi huko Kista, anaanza kabla ya jua, anamaliza wenye ofisi wakiingia na vikombe vyao vya kahawa. Asubuhi moja alipanda basi kurudi nyumbani, akaongea Kiswahili kidogo kwenye simu, akaegemeza kichwa kwenye kioo, usingizi ukambeba. Kituo chake kikapita, na vingine vyote vikapita, mpaka mwisho wa njia. Dereva akaja kumwamsha.

“Mama, amka. Umefika mwisho wa dunia. Kutoka hapa ni msitu tu.”

“Nani alikuambia miye ni mama?” Kahindo akajibu kabla hajafumbua macho.

Dereva huyo ndiye Mueni, Mkamba wa Mwingi, Kenya. Mfupi, kifua mbele, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Alikuja Stockholm kusoma, akaona masomo hayaishi na kodi ya nyumba haingoji, akachukua leseni ya basi. Alimrudisha Kahindo kwa basi lilelile, safari nzima wakibishana ni nani anayeharibu Kiswahili zaidi, Mkenya au Mkongo. Walikuwa bado wanabishana jambo hilo miaka mingi baadaye, jikoni, chini ya miguu yangu.

Siku ya ndoa yao nilikuwepo. Sheria ya hapa inawaruhusu, na inataka mashahidi wawili: mimi nilikuwa mmoja, wa pili alikuwa mama wa Kiswidi aliyefanya kazi na Kahindo. Afisa alisoma maneno yake machache. Mueni akajibu kwa sauti ya kutangaza vituo, Kahindo kwa sauti ndogo, tukatoka tukala samaki. Hakukuwa na vigelegele. Nilivitamani, lakini sikuwa na hakika kama ninaruhusiwa, nikavimeza na samaki wangu. Niliporudi nyumbani niliswali, nikamwachia Mungu yaliyo yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa linaniudhi, na nalisema ingawa mwenyewe amelala. Kwenye mikutano ya Wakenya, kwenye harambee na ibada za kumbukumbu, Mueni alikwenda na Kahindo, na kila alipoulizwa alisema, “Huyu ni rafiki yangu, tunakaa pamoja.” Rafiki! Kahindo alibeba masufuria ya wali ya watu hao, akaosha vyombo vyao, akarudi nyumbani rafiki. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi.

“Eko na woga ya nyumbani, dada Ziada,” alisema. “Simu moja tu, mama yake anasikia kanisani. Miye nangoja. Siku moja atasema.”

Siku hiyo haikufika. Mshipa ulipasuka kichwani mwa Mueni, Novemba, kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, kikombe cha chai mkononi. Mimi ndiye niliyekwenda na Kahindo hospitalini. Nesi alitoka akauliza nani ni frun, yaani mke, na Kahindo akainua mkono kama mtoto darasani. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo mbele za watu tangu siku ya ndoa, na aliitwa aambiwe kwamba mwenzake amefariki.

*

Sasa anaingia Owen. Owen ni mwenyekiti wa chama cha Wakenya, anafanya kazi kiwandani Södertälje, na yeye pia ni mtu wa Mwingi, alikua na Mueni. Si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke mapema kwa sababu nitamsema vibaya. Amewarudisha marehemu wengi nyumbani, amelia na wajane wengi, na hakuna msiba aliowahi kuukimbia. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akiandika kwenye kundi lao la simu, kila mjadala wa ndoa za jinsia moja ulipochemka huko Nairobi, kwamba huo ni ugonjwa wa Ulaya na hakuna Mwafrika mwenye akili zake atakayeuleta mlangoni kwake. Mueni alikuwemo kwenye kundi hilo. Alisoma, akaweka simu mfukoni, akaenda kuendesha basi.

Kwa Wakenya, maiti kurudi nyumbani si jambo la kujadili. Owen alikwenda kwenye kampuni ya mazishi kupanga safari, wakamwambia kwa adabu kwamba wao wanazungumza na mke wa marehemu tu. Ikabidi aje Tensta. Alikuja na wazee wawili wa chama, wakavua viatu, wakakaa kwenye kochi wakiwa wameshikilia kofia zao. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, na mlango wa jikoni niliuacha wazi kwa makusudi.

“Sister, pole sana,” Owen alianza. “Tunataka kumpeleka Mueni nyumbani. Ndege, sanduku, kila kitu chama kitashughulikia. Ni vile tu hawa watu wa mazishi wanasema lazima wewe uweke sahihi.”

“Juu ya nini miye?”

Owen akatazama zulia. “Ndivyo wameandika huko kwao.”

“Bameandika nini?”

Mmoja wa wazee akakohoa.

“Bon,” Kahindo alisema. “Na siku ya mazishi, wakisoma habari ya maisha yake, miye mutaniita nani?”

“Rafiki. Rafiki wa karibu sana.”

“Rafiki hawezi kutoa mwili hospitalini, Owen. Wende uwaulize. Mke ndiye anaweza. Kama miye ni rafiki, sina sahihi. Kama niko na sahihi, basi miye ni mke. Muchague.”

Huko jikoni vile vigelegele vya siku ya ndoa vilinipanda mpaka kooni. Mtu niliyemjua kwa kunyamaza, leo ameinua kichwa! Lakini Owen hakukasirika. Alisema taratibu, na ndiyo maana ikauma.

“Mimi nimemjua Mueni tangu tukiwa watoto. Hapa Stockholm tumekaa na yeye kwa mikutano hii miaka yote. Hajawahi kukuita mke wake mbele yetu, hata siku moja. Angetaka tujue, si angesema? Sasa amekufa, hawezi kujitetea, na wewe unataka asomwe mbele ya mamake na kijiji kizima vile yeye mwenyewe hakutaka kusomwa. Hiyo ni heshima, sister?”

Chai yangu haikunywewa.

Tangu siku ile ndipo kiti kilipoanza kusukumwa.

Mueni alikuwa na desturi. Akiwa zamu, akipita chini ya nyumba yao, aliwasha zile taa kubwa za basi mara mbili, na mwanga unaruka kwenye dari la jikoni. Ndiyo salamu yao. Kahindo akiwa anakatakata vitunguu alikuwa anainua kisu bila hata kugeuka, kama anajibu. Basi nilipoteremka siku moja kumpelekea uji, nikamkuta amekaa gizani, akaniambia, “Anapita.”

“Nani anapita?”

“Mueni. Anapita na anawasha taa. Anauliza.”

“Anauliza nini, Kahindo?”

“Kama nitamuaibisha.”

Nikamgombeza. Nikamwambia hujalala, hujala, macho yako yamekuwa mekundu, utaona mengi. Nikakaa naye ili nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Ilikuwa alasiri tu, lakini Novemba ya huku jua linakwenda kulala kabla watoto hawajatoka shule. Basi likaja. Likapiga magoti, likatoa pumzi yake. Na kwenye dari, juu ya vichwa vyetu, mwanga ukaruka mara mbili.

Nilisoma Ayatul Kursi yote kabla basi halijafika kwenye kona. Uji uliniponyoka sijui saa ngapi. Tulipowasha taa ulikuwa sakafuni.

Mimi kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kumfikiria Mueni kwenye lile droo la baridi, wiki zinakwenda na yeye yumo tu, kulininyima raha ya kila kitu. Sheria yao inatoa mwezi mzima, na wanasema ukiomba wanaongeza. Nikamwambia Kahindo, mwache aende, mpe Owen sahihi yake, jina ni kitu gani? Alinitazama mpaka nikatamani kurudisha neno mdomoni.

“Wewe bwana alikukimbia, dada Ziada, na mpaka leo watu wa Tanga banakuita mke wa Hemedi. Miye sikukimbiwa. Nilibaki na yeye mpaka mwisho. Nitaitwa nani?”

Hivi ndivyo mtego wake ulivyokuwa: akitoa sahihi kama rafiki, amejifuta mwenyewe kwa mkono wake. Akikataa, Mueni anaendelea kulala kwenye baridi. Na akiling'ang'ania neno mke, huenda anamvua marehemu nguo mbele ya mama yake mzazi. Alikuwa akilizungusha hilo kichwani mchana kutwa, na kila basi likipita anasimama kumuuliza mwenyewe.

*

Mama yake Mueni alipiga simu Jumapili, baada ya ibada. Owen alikuwa ameitwa awepo. Simu ikawekwa mezani, sauti imefunguliwa, jogoo wa Mwingi wakawika katikati ya Tensta.

“Niko na nani hapo?”

“Na Kahindo, mama. Na Owen. Na dada Ziada, jirani.”

“Owen ameniambia mambo mengi ya kuzungukazunguka. Mimi ni mzee, sina wakati wa kuzunguka. Kahindo, wewe na Mueni mlioana?”

Kahindo aliishika meza. Nilidhani atakana. Mtu yeyote angekana.

“Ndiyo, mama.”

Kule Mwingi jogoo wakawika tena.

“Nilijua,” mama alisema. “Mtu hakai na rafiki miaka hiyo yote, na kila akipiga simu ni Kahindo amepika, Kahindo ameumwa na meno. Nilijua, nikaomba Mungu nisiulizwe.”

“Mama,” Owen akaingilia, “kwetu hiyo kitu haiko.”

“Kwetu gani? Ukambani mwanamke haoi mwanamke? Owen, wewe ni wa nyumba ya nani?”

Niliona masikio ya Owen yanabadilika rangi.

“Sema. Hao hapo si Wakamba, hawajui.”

“Ya Syombua,” Owen alisema.

“Na Syombua alikuwa mwanamume?”

Mimi nilikuwa nimepotea, na mama alilijua hilo, akatueleza. Syombua alikuwa mwanamke mwenye mali asiyejaliwa mtoto. Akatoa ng'ombe na mbuzi, akaoa msichana kwa mila yote, na mke wa namna hiyo Wakamba wanamwita iweto. Watoto aliowazaa iweto wakawa watoto wa Syombua, jina lake na shamba lake. Mmoja wao ndiye babu yake Owen. Nilimtazama mwenyekiti wetu, bingwa wa kuandika kwenye kundi, kitukuu wa mwanamke aliyeoa, na Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

“Hiyo ni tofauti, mama,” Owen alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Iweto ni wa kuleta watoto kwa nyumba. Hakuna mambo mengine hapo. Hii ya Mueni ni kitu ingine na wewe unajua.”

“Najua. Mimi ni mtu wa kanisa, si mjinga. Sijasema nimefurahi. Mungu na Mueni wataongea wenyewe. Lakini nataka mtoto wangu arudi, na mlango ameushika huyo mwanamke. Nimwite rafiki, kisha nimwombe maiti ya mtoto wangu? Neno tuko nalo. Si sawasawa, lakini ni letu na kijiji kinalijua. Kahindo, ukija hapa nitasema ni iweto wa Mueni. Utakaa na mimi mbele. Utatupa mchanga kabla ya ndugu zake. Hiyo inakutosha?”

Kahindo aligeukia dirishani. Hakukuwa na basi.

“Mama, ile haiko vile tulikuwa.”

“Najua, mwanangu. Hata mimi haiko vile nilitaka. Inakutosha?”

“Inatosha,” alisema, na kesho yake akaenda kuweka sahihi.

Owen mwenyewe ndiye aliyesafiri naye, na jeneza alilibeba bega la mbele. Mimi niliyaona mazishi kwenye simu, maana siku hizi Wakenya hurusha misiba yao hewani ili walioko nje walie na wenzao. Nilikuwa jikoni shuleni, nimeegemea friji. Mchungaji akasoma: marehemu ameacha mama, ameacha ndugu, ameacha wapwa. Halafu akasita. Nikamwona mama wa Mueni akiinua kichwa tu, kidogo. Mchungaji akasoma, “Na iweto wake, Kahindo.” Wanawake wa nyuma wakanong'ona kama mvua kwenye bati. Kahindo alikuwa mbele na kitambaa cheupe kichwani, mkono wake umeshikwa na yule mama. Nililia mpaka mwenzangu wa kazi, binti wa Kisomali, akaninyang'anya simu.

*

Nikadhani yamekwisha. Marehemu amezikwa, mke ametajwa, tena mbele ya kijiji kizima. Kahindo akarudi Tensta na udongo wa Mwingi umekaukia kwenye viatu. Jioni ya kwanza nikiwa namenya viazi, basi likasimama chini, likatoa pumzi yake, na chini ya miguu yangu kiti kikasukumwa.

Kila Jumapili mama alipiga simu kutoka Mwingi. Alikuwa anamwona Mueni ndotoni: amesimama kwenye lango la boma na koti lake la kazi, haingii, haondoki. “Nimemwambia alale,” mama alimwambia Kahindo. “Hanisikii. Mimi ni mama tu. Wewe ndiye wake. Mwambie wewe.” Kahindo akawa anajibu, “Nitamwambia, mama,” na Jumapili inayofuata wanaanza upya.

Nilishindwa kuvumilia. “Kwa nini humwambii? Mama wa watu hapati usingizi.”

“Nimwambie kama nani?” Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. “Iweto ni neno ya mama. Mke ni neno ya serikali. Neno ya Mueni mwenyewe ni rafiki. Miye nilichukua neno ya wengine nikavaa kwenye kaburi yake, na hajanijibu. Anapita tu na taa zake. Rafiki atamuamuru mtu aende kulala?”

Nilipanda kwangu nikiwa nimemkasirikia Mueni, na kumkasirikia maiti ni kazi ngumu, hana pa kujitetea. Lakini ndivyo nilivyohisi. Alikuwa na mdomo wa kuchekesha basi zima, na neno moja dogo lilimshinda.

Siku chache baadaye nilikuwa kituoni chini ya jengo, mifuko ya soko mikononi, theluji imeanza. Nikaliona basi linakuja. Lilipofika usawa wa dirisha la Kahindo, taa zake kubwa zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Moyo ulinidunda, kisha hasira ikaupita moyo. Mlango ulipofunguka nikapanda mbele bila kuonyesha kadi. Dereva alikuwa kijana mweusi, mwembamba, na kifuani pameandikwa Damas. Nikamshukia kwa Kiswahili.

“Ni wewe unayemulika madirisha ya watu? Unajua kuna msiba mle ndani?”

“Shikamoo, mama,” alisema, ameshtuka. “Najua. Namsalimia mke wa Mueni.”

Mifuko ilinielemea, nikaiweka chini. “Umesema nani?”

“Mke wa Mueni, mama. Pale, pazia la njano.” Alikuwa Mtanzania, wa Kilema huko Kilimanjaro, watu wa vikundi hawamjui kwa sababu hana muda na vikundi. “Mueni ndiye aliyenifundisha hii njia. Nilipoanza kazi alikuwa anakaa kiti hicho cha mbele, ananionyesha vituo. Tulipofika hapa akanyoosha kidole akasema, pale juu anakaa mke wangu. Akasema tena, mimi nikipita huwa namsalimia kwa taa, ukiniona usinicheke. Madereva wote wa njia hii wanajua. Alipofariki tukasema tusiiache, mama wa watu asije akaona giza ghafla.”

“Alisema mke? Kwa Kiswahili?”

“Kwa Kiswahili. Mke wangu. Tena kwa kujidai, kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyojenga mwenyewe.”

“Na wewe ukasemaje?”

Damas akatazama mikono yake kwenye usukani. “Mimi nimepita seminari, mama. Sikusema kitu. Nilikwenda nalo nyumbani, likanisumbua sana. Lakini alikuwa mwalimu wangu, na hakuniomba ruhusa. Alinionyesha tu.”

Nyuma abiria walishaanza kunung'unika kwa Kiswidi. Nikateremka, nikasahau mfuko mmoja, akanipigia honi nikarudi kuuchukua.

Zile ngazi nilizipanda polepole kuliko mgonjwa. Nilijua nimebeba nini. Nikimwambia, namnyang'anya Mueni wake anayepita kila siku. Mwanga ule darini unabaki mkono wa Damas kwenye swichi. Nikinyamaza, anabaki na mzimu, na lile neno alilolingoja maisha yote ninalikalia mimi. Kwenye ghorofa ya tatu nilisimama mpaka taa ya ngazi ikazima yenyewe. Halafu nikagonga.

“Ni Damas,” nilisema kabla hajanikaribisha. “Anayewasha taa. Ni dereva anaitwa Damas, na akiwa hayupo ni wenzake.”

Uso ulimshuka. Sikuwahi kuona uso ukimshuka mtu hivyo, hata hospitalini. “Si yeye?”

“Si yeye, mdogo wangu. Yeye amezikwa.”

Akakaa. Nikakaa karibu yake, nikamweleza yote: kiti cha mbele, kidole, pazia la njano. Nilipofika kwenye neno lenyewe nililisema kama Damas alivyolisema, kwa kujidai.

“Sema tena vile alisema,” Kahindo aliniambia.

“Pale juu anakaa mke wangu.”

“Tena.”

Nikasema tena. Nikasema mara nyingi, mpaka sauti ikanikauka, na kila nikisema analia zaidi, kilio cha kufungua mdomo, kile ambacho alikuwa hajakilia hospitalini, wala mbele ya Owen, wala Mwingi kaburini. Chini basi jingine likapita. Mwanga ukaruka darini mara mbili. Hatukusimama.

Jumapili nilikuwa kwake simu ilipolia. Mama hakusalimia sana. “Umemwambia?”

“Namwambia sasa, mama. Usikate.”

Kahindo akaiacha simu mezani, akaenda dirishani, akalivuta pazia. Nje kulikuwa na theluji na kituo kitupu. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu aje chakula kinapoa.

“Mueni. Ni miye, mke wako. Umefika. Lala.”

Kwenye simu nilimsikia mama akishusha pumzi. Hakuuliza chochote kuhusu neno lile. Jogoo waliwika, akasema, “Asante, mwanangu,” akakata.

Kahindo alibaki pale dirishani, mgongo kwetu, kwa simu na mimi. “Dada Ziada,” alisema, “umwambie Damas merci. Umwambie inatosha.”

Nikamwambia Damas. Aliinamisha kichwa, hakubisha.

Kesho yake alasiri nilikuwa nyumbani. Basi la Spånga likaja, likapiga magoti, likatoa ile pumzi yake ndefu, likaondoka, na taa zake hazikumulika dirisha la chini. Nilitega sikio. Kiti cha Kahindo hakikusogea. Nilisikia kisu chake kikikata vitunguu, bila kusimama, mpaka mwisho. Kiti changu ndicho kilichokuwa kimesukumwa nyuma, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani nikingoja.